Biharusi wa Mvua

…usiseme, Shabha, umesikia, usiseme, wewe ulimi wangu nakuapisha kwa kaburi la walii pale juu mlimani, neno hili halitoki, utalimeza kama mtu anavyomeza kokwa ya zeituni kwa bahati mbaya, lishuke likae huko huko, haya apa, apa kwamba hukuona, umeapa? umeapa, basi ni Zahwa, Zahwa ndiye anayemwiba biharusi wa mvua, yule wa mti, kila vuli, si upepo, si kunguru, wala si yule mtoto marehemu mwenye nyayo za maji anayesingiziwa na kijiji kizima, ni Zahwa huyu huyu aliyeketi mkono wangu wa kushoto, anachekecha kuskusi ameinamisha kichwa kama mtu aliyezaliwa leo asubuhi, hana dhambi hata ya kumkanyaga paka… loo, hata pumzi sijashusha na kiapo kimeshavunjika, afadhali nimekivunja humu humu kichwani, nje midomo bado imefungwa, marehemu mume wangu alikuwa akisema kumpa Shabha siri ni sawa na kumpa mbuzi akutunzie kabichi, Mungu amrehemu, alikuwa na siri chache na zote nilizitoa, lakini hii nimekaa nayo tangu tini zilipoanza kuiva, imenivimba tumboni, naamka nayo, natembea nayo, na leo tuko hapa uani kwa Dehbia, wanawake wote wa kijiji tumezunguka vyano, tunaviringisha kuskusi ya sadaka ya mvua, na leo ama niiseme ama mjukuu wangu Tanina avishwe lile gauni… na redio ya Dehbia pale dirishani haina adabu, inasema tu, yule mwanamke wa utabiri ana sauti ya mtu aliyelala akashiba usingizi, anasema mikoa ya kaskazini, pwani na milima yake, itarajie mvua za vuli kuanzia mwisho wa juma hili, na hali ya joto itakuwa ya wastani, ya wastani… nani kamtuma alitamke neno hilo leo, maana siku ile ya marehemu Djuher nayo hewa ilikuwa hivi hivi, si joto si baridi, hewa ya kukaa mlangoni umekunja mikono ya nguo, Dehbia alisema kwa kinywa chake kwamba siku kama hii hata kichanga ukimwogesha nje hadhuriki, nasi tukaitikia, tulikuwa wake vijana, tulikuwa na haraka ya mvua…

…nimejaribu, mashahidi ninao, nimesema sasa hivi kwa sauti ya kusikika, jamani si mmesikia, mvua inakuja yenyewe mwisho wa juma, tungojeni basi, haraka ya nini, na Dehbia hata macho hakuinua kwenye unga, akasema, "Mvua ya redio, Shabha, hunyesha redioni," wakacheka wote, hata Fetta mke wa mwanangu akacheka, tena yeye ndiye aliyecheka zaidi, na kusema kweli hawana makosa, mwaka jana redio ilisema maneno haya haya kwa sauti hii hii, vuli, mvua, joto la wastani, nasi tukakaa tunatazama juu hadi shingo zikaota kigaga, zeituni zikasinyaa mitini kama vinyesi vya mbuzi, ukizikamua unapata machozi yako mwenyewe, na mwaka huu zimeanza tena kukunjamana, bila mvua sasa hakuna mafuta, na bila mafuta mlima huu ni mawe na wazee, hilo nalijua, mimi nami mtungi wangu umebaki mashapo, lakini mtoto ni mtoto… na Dehbia huyu, tazama alivyoketi juu ya mto peke yake sisi wote kwenye mkeka, toka alipokufa mama mkwe wake ndiye mkuu wa wanawake, nani aolewe, nani asuswe, sadaka lini, kila kitu Dehbia, nyusi anazipaka masizi anadhani hatujui, nywele zile nyekundu ni hina juu ya mvi juu ya hina, haya, tuyaache, kisha huko kwake hana hata mjukuu mmoja wa kike, wote madume, ndiyo maana kumtoa biharusi kwake ni rahisi, anatoa wa watu…

…Djuher alikuwa na meno makubwa, hiyo ndiyo huja kwanza, meno, na kicheko chake kilichomtangulia njiani, alikuwa mtoto pekee wa Zahwa, alichaguliwa kwa sababu alikuwa anapendeza na kwa sababu hajapata kufiwa na mtu, ndiyo sharti, basi tukamvisha gauni la kijiji, lile la mistari myekundu na ya manjano, tukamfunga mshipi, tukambandika vifungo vya fedha mabegani, tukampeleka chemchemini tukammiminia maji hadi gauni likamganda, halafu nyumba kwa nyumba, miguu mitupu, na kila paa linamwaga ndoo yake juu yake, naye haruhusiwi kujifuta wala kubadili, gauni lazima likaukie mwilini, ukilivua likiwa bichi umeuvunja uchumba wa bwana wa mvua, hivyo ndivyo tulivyoambiwa na waliotutangulia na wao waliambiwa vivyo hivyo, na kwenye nyumba ya kwanza alicheka, na ya pili alicheka, zile za mwisho nilikuwa juu ya paa langu, ndoo mkononi, nikamwona midomo imekuwa rangi ya tini, nami nikamwaga, sote tulimwaga… na mvua ikaja jioni ile ile, vigelegele hadi koo zikauma, ikaja wala haikujua kuondoka, Djuher akaanza kukohoa, Zahwa akawa anampaka mafuta kifuani, mchana anampaka, jioni anampaka, mafuta mapya ya zeituni zile zile zilizonenepa kwa mvua yake, na siku tuliyomzika njia ya makaburini ilikuwa mto, wanaume wamebeba jeneza maji yako kwenye miundi, na watu wakasema bwana wa mvua amemchukua mke wake, wakasema kwa heshima, hata kwa fahari kidogo, hapakuwa na mmoja aliyesema jina lingine la kitu kile, na Zahwa hakulia mbele yetu, aliwauliza tu walioosha, nilikuwepo, nilisikia kwa masikio haya, "Nywele mmemkausha?"…

…mmemkausha, na tangu hapo kila mvua ya kwanza ikigonga vigae mimi huinuka nikashika nywele zangu, sijui kwa nini, nasikia pata, pata, pata, nyayo mbichi uani, nikichungulia ni mfereji, kila mara ni mfereji, na kila mara nachungulia… wanaume katika baraza lao wakaogopa, wakakata shauri kwamba wasichana basi, biharusi awe upawa, upawa mkubwa wa mti, unafungiwa kijiti cha mikono, unavishwa vitambaa, unazungushwa nyumba kwa nyumba, kisha unasimamishwa juu ya paa la kaburi la walii hadi mvua ije imlowanishe yenyewe, na gauni likawekwa kapuni, halijavaliwa tena, na mvua zilikuja, mwaka mmoja mapema, mwaka mwingine imechelewa, lakini zilikuja, watu wakazoea, hata tukawa tunatania upawa, huyu biharusi mzuri hajui kumsema mama mkwe… mpaka hizi vuli tatu, tunamweka juu ya paa, kesho yake hayupo, na mvua nayo inakuja ya kutemwa mate, imechelewa, imekonda, wakasema upepo, wakasema kunguru, kisha mmoja akaona maji kwenye ngazi za walii, alama ndogo ndogo, wakasema ni Djuher, hataki kuolewa na mume mmoja na kijiko, uke wenza umemshinda, na Dehbia mwaka huu akayakata maneno, bwana wa mvua ameukataa mti, anataka mtu, na macho yake yakazunguka mikeka yote yakatua kwa Tanina, kwa sababu ana shingo ndefu, kwa sababu hajafiwa, babu yake alitangulia kabla yeye hajazaliwa, na Fetta mama yake uso ukamng'aa kama sahani ya harusi, mwanamke mjinga, ni mchapakazi lakini mjinga, mtoto ana kifua kibovu tangu kuzaliwa, anakohoa hata akicheka, nikamwambia, akanijibu kwa upole wake wa kuudhi, "Mama, zamani ni zamani, sasa hivi si baridi, hata redio imesema"… eti hata redio, mvua ya redio ni uongo lakini joto la redio ni kweli…

…na mimi nilikwenda kuazima chekeche, basi, sikwenda kupeleleza, ingawa ningejua kuna cha kupeleleza ningekwenda mapema zaidi, mlango wa Zahwa ulikuwa wazi kiasi cha mkono, nikaita jina lake kidogo, kidogo sana, nikachungulia, tangu mumewe afariki nyumba ile ina moto mmoja na mtu mmoja, na pale kando ya moto kwenye mkeka nikaona blanketi limefunika watu watatu, wadogo, vichwa vimeelekezwa motoni, nikasema moyoni Zahwa amepata wapi wageni bila mimi kujua, halafu nikaona vichwa ni vya mti, pawa tatu, wale maharusi wetu wa vuli tatu, wamevuliwa vitambaa vyao, wamevishwa vya sufu, vikavu, na Zahwa amepiga magoti, amemimina mafuta kiganjani, mashapo ya mwisho ya mtungi wake bila shaka, anawapaka, mmoja mmoja, pale ambapo mti unaanza kuwa mpini, kifuani, anapaka kwa duara duara, ananong'ona, sikusikia neno, ila nilisikia sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa asiogope usiku unaokuja… nikaondoka bila chekeche, mimi Shabha, sikumwambia mtu, nilifika nyumbani nikalala mchana kweupe na viatu miguuni…

…kwa hiyo sema, mjinga wewe, sema sasa, wakijua upawa uliibwa na haukukataliwa na mvua, watarudi kwenye upawa, Tanina atabaki mkavu, jambo limekwisha kabla kuskusi haijapanda jikoni… na Zahwa je, Zahwa watamfanya nini, unajua watakachofanya, nyumba iliyofunga mvua hususwa, haiazimwi moto, salamu yake haiitikiwi, akifa wanamwosha watu wa kijiji kingine, na vuli tatu za zeituni zilizosinyaa zote atabebeshwa yeye mgongoni, mwanamke aliyewapa mtoto wake watasema aliwanyima mvua… na yeye anajua, nina hakika anajua, haibi kwa ujanja, anaiba kwa sababu hawezi kumwona mtu yeyote amesimama nje akingojea kuloweshwa, hata akiwa kijiko, na kwa kuiba kwake ndiyo ameuita msiba kwa wangu, hilo nalo analijua, tangu asubuhi hajala, anachekecha unga uliokwisha chekechwa…

…huyu hapa Tanina anakuja, ametoka kusukwa, anageuza kichwa huku na huku tumwone, anakohoa, anaficha kikohozi kwenye kiganja kwa sababu anaogopa wasije wakambadilisha na mwingine, anataka, masikini, anataka kuliko kitu chochote duniani, ameniuliza jana kama mvua ikija itakuwa ni yake, nikamfunika shuka kifuani, na nyuma yake sakafuni, pata, pata, hapana, ni yeye anatembea, ni miguu yake mwenyewe imetoka kunawishwa, usianze, Shabha… na Zahwa ameinua uso, mara ya kwanza leo, amemtazama mtoto kuanzia nywele hadi vidole, na amesema, sauti kavu, ya kawaida, kama anauliza bei ya vitunguu, "Soksi umevaa?" na Tanina akacheka, "Bi Zahwa nawe, biharusi anavaa soksi?" na wanawake wakacheka kumsaidia, nikaona meno ya mjukuu wangu, mbona ni makubwa hivi, yalikuwa makubwa hivi tangu lini… na Zahwa akarudi kwenye chekeche lake, ila mikono haichezi tena…

…basi, basi, nasema, nimefungua mdomo, nimeita, "Dehbia," na Dehbia anasema, "Sema, Shabha, leo kimya chako kimetutia wasiwasi, tulidhani unataka kufa," na uani pote mikono imesimama, wananingoja, wanapenda maneno yangu, hawayaamini lakini wanayapenda, ni kama pilipili, na mimi nageuka kidogo tu kumtazama Zahwa, nimwage mbele ya macho yake angalau, si nyuma ya mgongo, na naona mkono wake, wa kulia, uko nyuma, umeingia kapuni, kapu la gauni liko kati yangu na yeye tangu asubuhi, kifuniko kimesogea, na vidole vyake vinavuta, polepole, kama mtu anayevuta shuka bila kumwamsha aliyelala, mistari myekundu na ya manjano inatoka inaingia chini ya shuka lake la begani, na sura yake haina kitu, anatazama mbele, na tope la siku ile bado liko kwenye pindo, hatukulifua, hakuna aliyethubutu kulifua, nalo ndilo lililomgusa mwanawe mara ya mwisho akiwa anacheka… na gauni likikosekana hakuna biharusi, leo hakuna, na kesho wataulizana, na mwisho wa juma, kama yule mwanamke aliyeshiba usingizi hasemi uongo kwa mwaka wa pili, mvua inakuja yenyewe, ya bure, haina mke… lakini hatafanikiwa, Zahwa hajui kuiba mbele ya watu, ameiba juu ya paa penye upepo tu, Dehbia tayari ananyoosha shingo, Dehbia anasema, "Ulitaka kusema nini, wewe?" nami nasikia mdomo wangu ukisema, "Naomba maji ya kunywa," na wote wanaangua kicheko, maji, kiangazi hiki, Shabha amekinyamazisha kijiji kizima kwa ajili ya maji, na ndani ya kicheko chao Dehbia anasema haya, lisheni moto, leteni gauni tumvike mtoto, na anainuka, anainuka kweli, anakuja huku kwetu…

…na Zahwa amenitazama, sasa hivi, amejua kwamba nimeona, si leo tu, amejua yote, chekeche, mlango, magoti, na hakuniomba, ningependa aniombe ili nimkatalie au nimkubalie, hakuomba, aliendelea kuvuta tu, na kitu kikageuka ndani yangu kama jiwe linavyogeuka mtoni, nikaona wazi kama mchana, si lazima awe Zahwa, wanachohitaji ni mwizi tu, upawa uliibwa na mtu na mtu ana jina, jina gani halina maana kwa mvua, na nyumba ya mwizi haitoi biharusi, hilo ni sharti lao wenyewe, na nyumba ya Tanina ni nyumba yangu… mkono wangu umeshakwenda, mzee hapaswi kuwa na mkono mwepesi hivi, nimeingiza chini ya shuka la Zahwa, nimelikamata gauni, nimelivuta lote upande wangu, chini ya mapaja yangu, na vifungo vya fedha vimelia, vimegonga chano kama kengele ya mbuzi, mshipi mwekundu umelala katikati ya kuskusi mbele ya watu wote, na kidole chake cha mwisho kimegusa changu kikaachia, na Dehbia amenishika kifundo cha mkono, amekiinua juu, gauni limening'inia toka kwenye ngumi yangu, na uani hakuna hata kuku anayetembea…

…"Wewe," anasema Dehbia, si kwa hasira bado, kwa mshangao, nyusi zake za masizi zimepanda, "na wale maharusi wa upawa, vuli zote tatu, ni wewe?" na hapa ndipo ninaposhangaa, maana maneno yapo, maneno hayajawahi kunikosa, nina uongo wa aina kumi na moja wa kunitoa hapa, gauni nilikuwa nalipanga, nilikuwa nalikunja, lilidondoka, na Zahwa pembeni anafungua mdomo, naona anakusanya pumzi, atasema, mjinga yule atasema kweli, kwa hiyo nasema mimi kwanza, "Nani mwingine?" basi, maneno mawili, na nayaona yanavyoingia kwenye nyuso moja moja kama mafuta kwenye mkate, zile nyuso ambazo kesho nikizisalimia zitageukia ukutani, hakuna atakayenigongea, hakuna atakayeniambia nani amegombana na nani, nitakufa bila kujua Dehbia masizi ya nyusi anayatoa chungu kipi… na wa kwanza kusogeza mkeka wake mbali nami ni Fetta, kisha jirani yake, vyano vinaburuzwa, na Dehbia anasema taratibu, anafikiri kwa sauti, kwamba basi mvua haikuukataa upawa, ukachongwe upawa, na kwamba nyumba iliyofunga mvua haitoi biharusi, fungueni nywele za mtoto… na Zahwa amefunga mdomo, mikono yake yote miwili iko juu ya magoti mitupu mbele ya watu, anamtazama Tanina peke yake, hamwachii, kama mtu anayehesabu vidole vya kichanga… na redio imemaliza kaskazini, imeingia mikoa ya kusini, vumbi, pepo hafifu, na Tanina amesimama katikati ya uwanja, msuko umelegea upande mmoja, uso umekunjamana, hajawahi kunitazama hivyo, mimi niliyemtafunia mkate akiwa hana meno, na anasema mbele yao wote, "Bibi, sikutaki tena, sikutaki kabisa," na anaanza kulia, analia hadi anakohoa, na Dehbia bado ameuinua mkono wangu juu, unaniuma begani, nami namtazama mtoto, lia, lia mwanangu, nichukie mpaka uolewe, lia tu hivyo hivyo, mkavu…